Ndiyo Mzee, Nimesafisha

Mwanachuo mwenzangu, kama umeshapita mwaka wa pili wa uhandisi, unajua fildi ni nini. Ni zile wiki nane ambazo chuo kinakutuma ukaone kazi inavyofanyika, unapewa kijitabu cha kujaza kila siku, na mwisho unaandika ripoti. Wengi wetu tunaondoka na mawazo mawili tu kichwani: hela ya fildi itaingia lini, na nani ana ripoti ya mwaka jana tukopi. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nasema mapema ili usidhani nimekuja kukuhubiria.

Nilipangiwa karakana ya boti kule Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Nilitegemea kukuta mbao, misumari na mafundi wanaokalafati kwa pamba. Nilikuta boti moja imegeuzwa tumbo juu, inang'aa kama sufuria mpya. Urefu mita 9, bati za alumini tupu, haina hata tone la rangi. Ilikuwa inajengwa kwa ajili ya kubeba wagonjwa kutoka visiwani kuja bara.

Fundi mkuu alikuwa mzee wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, akaniangalia viatu, akasema, "Marahaba mwanangu. Injinia, leo utafagia." Nikafagia siku tatu.

Siku ya nne akanieleza kwa nini alumini. Mita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa karibu tani 7.8, ya alumini ni tani 2.7. Boti ikiwa nyepesi inakula mafuta kidogo, inakimbia na mashine ndogo, na vijana wachache wanaweza kuivuta mchangani pasipo na gati. Halafu haioti kutu kama chuma. Alumini ikikutana na hewa hujivisha ngozi nyembamba sana ambayo huwezi kuiona kwa macho. Ukiikwaruza, inajivisha nyingine hapo hapo. Ndiyo maana boti nyingi za kazi za alumini haziwi na rangi juu ya maji. Bati tulizotumia zilikuwa aloi ya 5083, yaani alumini iliyochanganywa na magnesi. Ni aloi inayopendwa sana kwa boti kwa sababu inastahimili maji na inakubali kuchomelewa.

Kwenye michoro nilijiona mtaalamu. Si unajua tena, programu ya kuchorea tumefundishwa, na wao pale walikuwa wanachorea karatasini. Nikaomba nichore mataruma ya boti iliyokuwa inafuata. Nikachora vizuri, yamebana hadi chini, mistari imenyooka. Mzee akaangalia kompyuta yangu kidogo tu.

"Maji yakiingia humu, yatatokea wapi?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimetengeneza vyumba vidogo vidogo visivyo na njia ya maji kwenda kwenye pampu.

"Na mkono wa fundi utaingia wapi kuchomelea hii kona?"

Nikanyamaza tena. Ile kona ilikuwa nyembamba kuliko bomba la mashine ya kuchomelea. Kwenye kompyuta mistari miwili ikikutana imeshaungana. Karakanani lazima mtu aingize mkono. Nikarudi kuchora upya, nikaacha matundu chini ya kila taruma, nikapanua kona. Akasema, "Sasa hii inajengeka." Nilifurahi kuliko siku niliyopata A ya hesabu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Ile ngozi ya alumini niliyoisema ndiyo rafiki wa mwenye boti, lakini ni adui wa fundi. Alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Ngozi yake haiyeyuki mpaka zipite nyuzi 2,000. Kwa hiyo usipoiondoa, chuma cha chini kinayeyuka na ngozi inabaki imeelea, inaingia katikati ya mshono kama karatasi. Tena alumini ya moto hunyonya hidrojeni kutoka kwenye unyevu, mafuta, hata jasho la kiganja, na inapopoa hidrojeni hiyo inajaribu kutoka na kuacha vitundu. Kwa juu mshono unaweza kuonekana mzuri kabisa huku ndani umekuwa kama mkate.

Ndiyo maana kuna utaratibu. Kwanza unafuta mafuta kwa asitoni na kitambaa safi. Halafu unasugua kwa brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma kingine. Usibadili mpangilio: ukisugua kabla ya kufuta, unayashindilia mafuta ndani. Brashi iliyogusa chuma cha kawaida ni marufuku, maana inaacha chembe ambazo baadaye zitashika kutu na kuanza kuila bati. Ukishasugua, uchomelee upesi kabla ngozi haijanenepa. Upepo wa ziwani nao lazima uzuiwe kwa turubai, kwa sababu ukipeperusha gesi ya agoni inayofunika moto, mshono umeharibika.

Kazi ya kusafisha nilikabidhiwa mimi. Ni kazi ya kuchosha, haina picha ya kupiga na kuweka status. Wiki ya tano, siku ya Ijumaa, nilikuwa na haraka. Kulikuwa na mechi, na wenzangu wa fildi walikuwa wananisubiri Kirumba. Ulibaki mshono wa mita 3 hivi, pale tumbo la boti linapokutana na ubavu. Bati zilikuwa zimelala nje, zina umande na alama za vidole. Asitoni ilikuwa stoo, stoo imefungwa, mwenye ufunguo yuko mbali. Nikafuta kwa kitambaa nilichokuwa nacho mfukoni. Brashi ya stenlesi sikuiona, nikachukua iliyokuwa juu ya meza, ile ya kusugulia trela la chuma. Nikapitisha mara mbili, tatu. Basi.

Mzee akaja, akavaa ngao ya uso, akaanza. Alipofika katikati akasimama. Pembeni ya mshono kulikuwa na masizi meusi kuliko kawaida.

"Umesafisha?"

"Ndiyo mzee, nimesafisha."

Akaniangalia. Akaendelea hadi mwisho.

Mechi yenyewe hata sikuiona vizuri. Usiku mama akanipigia. Mama yangu ni mtu wa Ukerewe. Nikamweleza, kwa kujisifu, kwamba tunajenga boti ya wagonjwa wa visiwani. Akafurahi sana. Akasema, "Basi tutapanda boti uliyoitengeneza wewe." Halafu akaanza kunihesabia akina nani kijijini wanaumwa, na mama mdogo aliyekuwa mjamzito.

Mtu wa kule anapozungumzia chombo cha majini hazungumzi kwa utani. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafariki. Chanzo hakikuwa mshono. Kivuko kilikuwa kimebeba kupita uwezo wake. Mimi nilikuwa bado shuleni, lakini nakumbuka mama alivyokaa chini na simu mkononi, anapiga namba moja baada ya nyingine. Usiku ule wa Ijumaa nilikumbuka vile alivyokaa.

Hata hivyo sikusema Jumamosi. Nataka mjue hilo. Sikusema kwa sababu nilianza kujipa moyo: labda mshono umeshika, labda masizi ni masizi tu, mzee ana uzoefu, angeona kasoro angesimamisha. Na fildi ina maksi zake, msimamizi wa kiwandani anajaza fomu yako. Rafiki yangu niliyemwambia alinishauri kaushe. "Usijitafutie sapu mwenyewe," alisema. "Andika yaliyokwenda sawa."

Jumatatu asubuhi nilikuta wanaleta bati za sakafu ya ndani. Zikishachomelewa, hakuna atakayeuona ule mshono tena kwa upande wa ndani. Vijana wawili wameshika bati, mzee anavaa glovu.

Nikamwita pembeni. Nikamwambia, "Mzee, Ijumaa sikusafisha. Nilitumia brashi ya trela, na asitoni sikuweka."

Hakufoka. Aliwaambia vijana washushe bati. Akanituma dukani nikanunue chaki na nusu lita ya mafuta ya taa, kwa hela yangu.

Kama hujawahi kuona kipimo hiki, kijue, ni cha bei ya chini na hakisahauliki. Unasaga chaki, unaichanganya na maji, unapaka upande wa nje wa mshono mpaka uwe mweupe wote. Ikikauka, unapaka mafuta ya taa upande wa ndani. Mafuta ya taa hupenya kwenye tundu ambalo maji yangechukua siku kulipata. Halafu mnakaa mnasubiri.

Tulikaa. Doa la kwanza lilijitokeza baada ya dakika chache, dogo kama kichwa cha pini, likapanuka kwenye ile chaki. Likaja la pili. Mpaka tunamaliza nilihesabu madoa 11 kwenye mita 3. Karakana nzima ilikuwa imesimama nyuma yangu, kimya.

Mwenye karakana alipofika, yeye alifoka, na alikuwa na haki. Mshono wote ulichimbuliwa kwa grinda. Gesi ikatumika upya, waya ukatumika upya, siku mbili zikapotea, na huwezi kurudia rudia kuchomelea sehemu moja bila gharama: joto linapunguza nguvu ya bati kando ya mshono na linaivuta ipinde. Kwa hiyo mzee alichomelea vipande vifupi vifupi, kwa kurukaruka kutoka upande huu kwenda ule, ili joto lisirundikane mahali pamoja. Safari hii nilisafisha mimi tena. Nilidhani atamwita mwingine. Alinipa asitoni na brashi mpya ya stenlesi, akasimama pale hadi nilipomaliza. Tukapaka chaki tena. Ikabaki nyeupe.

Jioni, tukiwa tunanawa mikono, nilimuuliza kwa nini Ijumaa aliendelea kuchomelea wakati aliona masizi. Alikaa kimya kidogo.

"Nilikuuliza, ukanijibu," akasema. "Nikataka kukuamini. Na mimi nilikuwa nimechoka. Hilo ni kosa langu, ningepima."

Nilitamani angenitukana.

Kwenye kijitabu cha fildi niliandika yote, pamoja na madoa 11. Mhadhiri aliyekuja kutukagua alisoma ukurasa ule mara mbili, akauliza swali moja tu: chaki ilipakwa upande upi na kwa nini. Nikajibu. Akasaini. Maksi zangu hazikuwa za kutisha wala za kujivunia.

Mwaka huu, wakati wa likizo, nilipita Mwanza kusalimia. Bahati nzuri ile boti ilikuwa imepandishwa kwa ukaguzi. Nilijilaza chini yake kabla hata ya kunywa maji. Mshono wetu ulikuwa mzima. Vile vipande vya magnesi vinavyofungwa chini ya boti ili viliwe badala ya alumini vilikuwa vimeliwa nusu, maana yake vinafanya kazi. Baharini hutumia zinki, ila kwenye maji baridi kama ya ziwa zinki huvia na magnesi ndiyo hufanya kazi vizuri.

Lakini ndani tulikuta mambo. Chini ya mkeka wa mpira uliokuwa unabaki na maji kila siku, bati lilikuwa limeanza kutoboka vidoti vyeupe, kwa sababu alumini ikinyimwa hewa na ikabaki na unyevu haiwezi kujivisha ngozi yake. Na katika maji ya ngamani kulikuwa na kipande cha waya wa shaba, mtu alirekebisha taa akakiacha. Chini ya ule waya kulikuwa na shimo dogo. Shaba na alumini zikikutana ndani ya maji ni kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Hili linajulikana zamani. Mwaka 1895 Wamarekani walijenga jahazi la mashindano lililoitwa Defender, chini ya maji bati za shaba nyeusi, juu alumini. Lilishinda kombe mwaka huo huo, na kufikia 1901 lilikuwa limevunjwavunjwa, limeliwa.

Mzee alimuuliza kijana anayeendesha boti kama huwa anainua mkeka na kukausha ngama kila wiki kama walivyoelekezwa. Kijana akasema, "Ndiyo mzee."

Mzee akanigeukia. Mimi nikaangalia pembeni, nikachukua brashi, nikaanza kusugua.