Bisibisi nne zinatosha

Nimekuwa kimya siku kadhaa, mniwie radhi. Kazi za gazeti mnazijua, ukishamaliza ya bungeni unatumwa kwenye mafuriko. Leo sina siasa. Leo nataka tuzungumze kuhusu bisibisi.

Msicheke kwanza. Wengi wetu tuliomaliza chuo na kupanga chumba mjini tuna televisheni, tuna pasi, tuna jiko la gesi. Lakini kishikio cha sufuria kikilegea tunakimbilia kisu cha mezani. Kisu kinapinda, skrubu inaharibika, kidole kinachanika, ndipo tunampigia fundi. Na fundi ana haki ya kulipwa nauli na muda wake hata kama kazi yenyewe ni ya dakika tatu.

Kilichonisukuma mimi ni mdogo wangu. Anasoma chuo hapa Dar, amepanga chumba na mwenzake. Kitasa cha mlango wao kililegea kiasi kwamba ukiusukuma mlango kwa nguvu unafunguka. Mwenye nyumba akasema fundi atakuja kesho. Kesho hiyo ikafika siku ya tisa. Wasichana wawili wakawa wanalala wamesukumia meza mlangoni. Kisa? Skrubu nne, jamani!

Basi nikaenda Kariakoo, upande wa Gerezani, na skrubu moja ya kitasa mfukoni. Muuzaji wa kwanza akanifungulia boksi linang'aa kama zawadi ya harusi. "Braza, vipande thelathini na mbili, elfu kumi na tano tu, utazaa watoto watakuja kuitumia." Ni kweli bei ilivutia, hasa kwa mtu anayesubiri mwisho wa mwezi. Lakini hebu jiulize, katika vipande 32 wewe utatumia vingapi? Kitasa, bawaba, plagi, pangaboi, kishikio cha sufuria. Kazi zote hizo zinahitaji bisibisi za aina mbili tu, bapa na nyota, kila moja ndogo na ya kati.

Hii ya nyota ina historia yake. Skrubu za zamani zilikuwa na mfereji mmoja, na bisibisi bapa huteleza kirahisi ikatoka pembeni. Mmarekani Henry Phillips alipata hataza za skrubu ya msalaba mwaka 1936, na kampuni ya General Motors ikaanza kuitumia kwenye magari yake ya Cadillac. Msalaba unaiongoza bisibisi ikae katikati yenyewe, jambo lililowafaa sana watu wa kiwandani wanaokaza skrubu kutwa nzima. Ndiyo maana leo imejaa kila mahali.

Ila nyota nazo zina saizi. Tazama mpini au chuma chake, utaona PH1, PH2 au PH3. PH2 ndiyo ya kazi nyingi za nyumbani, PH1 ni ya skrubu ndogo. Ukitumia ndogo kwenye tundu kubwa itazunguka bila kushika na kukila kichwa cha skrubu. Kichwa kikishalika, hapo sasa fundi hukwepi.

Kwa hiyo nikatoa skrubu yangu mfukoni. Nikachomeka bisibisi ya lile boksi, ikacheza kama jino bovu. Duka la pili nikachomeka PH2 inayouzwa peke yake, ikakaa kimya. Hicho ndicho kipimo changu, na hakina gharama. Maandishi ya "Cr-V", yaani chuma chenye kromiamu na vanadiamu, ni dalili nzuri, lakini maandishi yeyote anaweza kuyapiga. Skrubu yako haidanganyi.

Nikanunua nne: PH1, PH2, bapa ndogo na bapa ya kati. Zilizidi bei ya boksi kwa elfu chache, sawa na chipsi mayai na soda. Jioni ile ile tukaenda kukaza kitasa. Bisibisi alishika mdogo wangu mwenyewe, mimi nikashika tochi, na PH2 nikamwachia. Meza imerudi kwenye kazi yake ya kusomea.

Sasa naomba mnisikilize kwenye la umeme. Mpini wa plastiki si kinga. Bisibisi ya umeme ina alama ya 1000 V, na ganda lake hufunika chuma karibu mpaka kwenye ncha. Nyumbani tunatumia volti 230, na hizo zinatosha kabisa kuua. Hata ukiwa nayo, zima swichi kubwa kwanza. Na testa ile ya kataa isikudanganye kwamba waya hauna moto, maana inaweza kukosa kuwaka hata moto ukiwepo. Ukiona soketi imeungua, mwite fundi, hiyo si kazi yetu.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Boksi la vifaa nalo ni hivyo. Mwezi huu bisibisi mbili, mwezi ujao plaizi, baadaye nyundo. Usinunue 32 ili upate mbili zinazofaa. Na ukinunua, mnunulie na dada yako.