Nani Anakupangia Herufi?

Kimya changu cha wiki mbili kina sababu zake, nyingi ni za kazi. Leo nataka tuzungumzie kitu ambacho najua baadhi yenu mtasema "huyu kijana sasa amechoka": ile mitambo iliyojificha ndani ya programu za ofisini, ambayo kazi yake ni kupanga herufi. Vumilieni kidogo.

Ukibonyeza herufi kwenye kibodi, kompyuta haihifadhi umbo lake. Inahifadhi namba tu. Lazima awepo fundi wa kuamua namba ile ivae umbo gani na isimame umbali gani na jirani yake, na kwa vipimo hivyo mstari hujulikana utakatika wapi. Huyo ndiye injini ya kupanga maandishi. Nyuma yake anakuja mchoraji, anayemwaga wino kwenye kioo au karatasi. Kila mmoja ana kazi yake, na fundi wa kwanza akibadilika, barua ya kurasa mbili uliyoandika nyumbani inaweza kufika kwa bosi ina kurasa tatu, ya tatu ikiwa na saini peke yake!

Sasa tuseme unatengeneza programu ya kwenda kwenye Windows, Mac na Linux. Una njia mbili. Ama uombe kila mfumo ukupangie herufi kwa injini yake, ama ubebe injini yako popote uendako, kama msafiri anayetembea na godoro lake. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice.org mwaka 2010 (ile ile ambayo mwaka 2004 tuliipata kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi iliyofanyika na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndani), kwa miaka kadhaa ilikwenda njia ya kwanza. Kwenye Windows ilitegemea Uniscribe, kwenye Mac Core Text, na kwenye Linux ICU na baadaye HarfBuzz. Hati moja, mafundi watatu, kila mmoja na vipimo vyake na makosa yake. Aliyerekebisha hitilafu upande wa Linux hakumsaidia hata chembe mtu wa Windows.

Kwa Kiswahili cha a-be-che-de hasara yake ni saini hiyo iliyokimbilia ukurasa wa tatu. Lakini Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu zamani sana. Barua za Kilwa zilizohifadhiwa Goa ni za miaka ya 1710. Chukua neno dogo "bibi". Kwa hati hiyo ni herufi nne, be na ye mara mbili, na zote zimeshikana mikono. Be ya mwanzo ina umbo lake, ya katikati lake, ye ya mwisho inajikunja kivyake. Kompyuta inahifadhi namba mbili tu zinazojirudia. Fundi asipojua kazi, unapata visiwa vinne.

Nimeviona visiwa hivyo vikichapwa. Gazeti moja nililowahi kuandikia (silitaji, nina mkate wa kulinda) lilitoa taazia ya mzee mmoja mtunzi, na familia ikatupa mistari miwili ya mashairi yake ili tuipige chapa kwa hati ile ile aliyoitumia marehemu. Programu ya kupangia kurasa ikazitawanya herufi, halafu ikazianzisha kushoto kwenda kulia. Nilisema. Nikajibiwa kwamba mtambo unasubiri, na isitoshe nani atajua? Bibi yangu, mama yake baba, aliyeko Pangani, hajui kusoma hati nyingine zaidi ya hiyo. Alisomewa taazia na mjukuu mwingine, kisha akaomba aione ile mistari. Akanipigia simu: "Mwanangu, mbona mmemwandika marehemu kinyume? Kawakosea nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa bibi.

Ndiyo maana nilifurahi niliposoma habari za LibreOffice 5.3, iliyotoka Februari 2017. Hapo waliamua HarfBuzz iwe ndiyo fundi wa mifumo yote mitatu, kazi iliyosukumwa sana na Khaled Hosny, Mmisri aliyechora fonti ya Amiri kwa kufuata chapa za kale za Bulaq, Cairo. HarfBuzz yenyewe imekuzwa na Behdad Esfahbod, mzaliwa wa Iran, na jina lake ni la Kiajemi: herufi wazi. Harf hiyo ndiyo herufi yetu, ndugu zangu! Firefox, Chrome na Android nazo zinamtumia fundi huyo huyo.

Gharama ipo. Kosa la fundi mmoja sasa ni kosa la wote, na wapo watakaonung'unika kwamba maandishi hayafanani na ya programu nyingine za kompyuta yao. Mimi nachagua godoro langu. Uchoraji ni jambo jingine, huo uliachwa utofautiane, hata baada ya Skia kuingizwa kwenye toleo la 7.0 mwaka 2020.

Bado fonti. Injini ikiwa moja na fonti hazifanani, mistari itahama tu. Carlito imepimwa upana sawa na Calibri, na Liberation sawa na Times New Roman na Arial, kwa hiyo hizo zinasaidia. Kwa hati ya bibi hakuna mbadala wa namna hiyo ninaoutegemea, ndiyo maana kila faili ninalomtumia binamu wa Pangani akachapishe naipachika Amiri humo humo ndani. Faili linakuwa zito, na intaneti ya kule mnaijua.