Sega ikirudi, itatukuta

Watoto wanaoshinda kwenye vibanda vya gemu mjini Morogoro wana uvumi wao: Sega itatengeneza mashine tena. Mvulana mmoja wa darasa la sita, mkazi wa Kihonda, aliuamini kiasi cha kukataa kugusa kibubu chake. Baiskeli yake ya shule ilikuwa imeharibika, lakini alikuwa tayari kutembea kwa mguu mpaka mashine itoke.

Mama alitaka kibubu kivunjwe. Baba akaomba wazungumze kwanza, maana na yeye alikua akiisikia Sega.

Mega Drive ya mwaka 1988 iliisumbua sana Nintendo. Ya mwisho, Dreamcast, ilitoka Japani Novemba 1998, ikazidiwa na PlayStation. Januari 2001 Sega ilitangaza kuachana na mashine. Tangu hapo inatengeneza gemu, na Sonic anachezwa hata kwenye mashine za wapinzani wake wa zamani.

"Kwa hiyo haiwezi kurudi, baba?"

"Inaweza, mwanangu. Mwaka 2019 ilitoa Mega Drive ndogo yenye gemu za zamani. Lakini kushindana na Sony upya kunataka fedha nyingi kabla hujauza hata mashine moja. Leo inamuuzia gemu kila mtu. Iache hilo kwa faida gani?"

Kisha akamsimulia habari za babu yake, aliyeteremka kutoka Mgeta, milimani Uluguru, kufanya kazi kiwanda cha viatu cha Morogoro, kile kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kiwanda kilifungwa mwaka 1990. Kila uliposikika uvumi kwamba kinafufuliwa, babu aliahirisha safari ya kurudi shambani. Miaka ikapita, njegere wakalima wengine. Alipochoka kusubiri, alichukua sindano na uzi, akakaa chini ya mwembe kushona viatu vya watu. Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha baba.

Mtoto hakujibu. Siku ya tatu alimpelekea mama kibubu, akiomba kitakachobaki baada ya fundi baiskeli kirudishwe ndani.

Ndoto ya mtoto haihitaji kuchekwa, wala kuvunjwa kwa amri. Inatosha kumwonyesha kwamba mtu anaweza kuipenda kesho bila kuisimamisha leo. Sega ikirudi, itatukuta tupo, na akiba itaanza siku hiyo.