Samaki Wenye Mipaka

Watu wakija nyumbani na kuona samaki wangu wakifukuzana, huniambia nina samaki wagomvi. Mimi naona wenye nyumba wanaolinda nyumba zao.

Nafuga samaki wa Ziwa Tanganyika hapa Dar, jamii moja na sato na perege. Ninaowapenda kuliko wote ni Lamprologus ocellatus. Dume hafiki hata sentimita 7, na jike ni mdogo zaidi. Kwao ziwani huishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Mpe gamba juu ya mchanga laini, ukae utazame. Anatumbukiza kichwa mchangani, anajaza mdomo, anakwenda kutema pembeni. Anarudia hivyo hivyo mpaka gamba linadidimia. Halafu analigeuza kwa mdomo, anasimama mbele yake na kupiga mkia kwa nguvu, mchanga unaruka na kulifunika, linabaki tundu tu. Baada ya hapo, ukiingiza mkono kusafisha kioo, anakuja kukuuma kidole. Mnyama mdogo kiasi hicho! Namheshimu sana.

Kwa hiyo mimi hupanga ardhi kwanza, samaki baadaye. Mchanga wa kina cha sentimita 5 au zaidi, magamba mengi kuliko samaki, yakiwa mbalimbali, na mawe katikati ili jirani asimwone jirani. Dume mmoja na majike wawili au watatu wanatosha tangi dogo. Usiweke madume wawili humo. Ziwani anayeshindwa hukimbia, na ugomvi ukaisha hapo. Ndani ya kioo hana pa kukimbilia: utamkuta amejibanza kona ya juu, mapezi yamechanika, hali chakula, na usipomtoa atakufa. Kinachomuua ni ufinyu wa nafasi, na nafasi ni jukumu la mfugaji.

Wanaofuga mbuna wa Ziwa Nyasa huwajaza wengi kwa makusudi, ili asipatikane mmoja wa kutawala eneo. Njia hiyo inafanya kazi, kama kichujio kina nguvu. Siipendi, kwa sababu inamnyima samaki jambo analolijua kuliko yote.

Ukiongeza mgeni, hamisha mawe na magamba kwanza, kisha mwachie taa ikiwa imezimwa. Mipaka ya zamani ikivurugika, wote wanaanza upya pamoja naye.

Maji yao yana pH inayokaribia 9, na katika maji ya namna hiyo amonia huwa sumu kali zaidi. Badilisha kiasi kila wiki, klorini ya bomba ikiwa imeshaondolewa, na uwe na pampu ya hewa ya betri kwa ajili ya umeme kukatika.

Vifaranga hutoka gambani wakiwa wadogo mno, mama yao akiwalinda kwa ukali. Siku utakapoona ameanza kuwafukuza, wahamishie tangi jingine lenye magamba yao.