Gari Linalozima Likipenda: Gereji ya Brussels na Gereji ya Kisangani

Hakuna ugonjwa wa gari unaomaliza pesa za mtu kama ule unaokuja na kuondoka. Gari likigoma kabisa, fundi hulifungua akakuta kilichokufa. Lakini lile linalokwenda vizuri asubuhi, mchana likakosa nguvu, likashtukashtuka na kuzima njiani, kisha baada ya nusu saa likawaka tena kama halikuwa na neno, hilo ndilo linalompima fundi. Nimelipeleka gari la namna hiyo gereji hapa Brussels ninakoishi, na nimekaa na ndugu yangu gereji akihangaika na lake Kisangani, tulikozaliwa. Yote mawili ni ya EFI, ya miaka ya 1990. Njia walizofuata mafundi hazifanani hata kidogo.

Brussels kazi inaanza na mashine ya kusoma kodi za hitilafu kutoka kompyuta ya injini. Marekani magari madogo yote ya modeli ya 1996 na kuendelea yana soketi ya aina moja ya kuchomekea mashine hiyo, kwa sheria. Ulaya magari mapya ya petroli yamekuwa nayo tangu 2001. Kwa magari hayo mashine ni msaada mkubwa, maana kompyuta huweka hata hali ya injini ilivyokuwa hitilafu ilipotokea: joto, mzunguko, mzigo. Gari langu ni la kabla ya hapo. Fundi kijana alitafuta soketi yake chini ya usukani hakuipata, akaanza kubadilisha vipuri. Bujii mpya, nyaya za bujii mpya, kisha sensa. Huku saa ya fundi ni ghali, na mara nyingi kipuri ni nafuu kuliko muda wa kukaa na gari hadi likosee mbele ya macho yake. Nililipa, nikaondoka, na tatizo likarudi.

Hata angepata kodi, zingemwambia machache. Kompyuta ya injini ya miaka ile haipimi shinikizo la petroli. Pampu inaweza kuchoka ikipata joto, filta ikaziba, gari likakosa nguvu mlimani, na taa ya injini isiwake kabisa. Sensa ya joto la maji nayo inaweza kusema uongo bila kukamatwa, mradi uongo wake uko ndani ya kiwango ambacho kompyuta inakubali. Kwa Toyota nyingi za wakati huo sensa hiyo huonyesha kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na 0.2 hadi 0.4 kwenye nyuzi 80. Mwenye multimita atajua ukweli kwa dakika chache. Kompyuta italalamika tu waya ukikatika au ukigusana.

Kisangani, gereji ni kando ya barabara huko Mangobo, na fundi, mzee ambaye ndugu yangu anamwita papa, hakufungua boneti kwanza. Aliuliza.

“Kaka, inazima ghafla kama umekata kontakti, ao inakufa polepole?”

“Ghafla, papa.”

“Mvua ilikuwa inanyesha? Tenki ilikuwa na mafuta kiasi gani? Ulijaza wapi?”

Swali la kwanza pekee linagawa kazi nusu kwa nusu. Injini inayokatika ghafla mara nyingi imekosa umeme: relei, koili, distributa, waya wa masi. Inayokufa polepole huku ikishtuka imekosa petroli au inavuta hewa isiyohesabiwa. Tenki iliyokaribia kuisha huchosha pampu, kwa sababu petroli ndiyo inayoipoza. Na swali la ulijaza wapi lina uzito wake Kisangani. Mafuta hufika kwa boti kutoka Kinshasa, karibu kilomita 1,700 za mto, au kwa malori kutoka mashariki kwa barabara ya RN4, halafu mengine huuzwa kwa chupa na wauzaji wa barabarani wanaoitwa Kadhafi. Kila mara yanapohamishwa kutoka pipa hadi bidoni, maji yanaweza kuingia. Mzee alimimina kidogo kwenye chupa nyeupe akaiacha itulie. Maji yangekuwapo, yangekaa chini. Hayakuwapo.

Giza lilipoingia aliwasha injini, akanyunyizia maji nyaya za bujii na kofia ya distributa. Waya uliochoka huonyesha cheche za buluu zikiruka nje. Hatukuona kitu. Akaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi kwa kipande cha waya, akahesabu taa ya dashibodi ikipepesa: mapigo yanayolingana, yaani hakuna kodi. Ndipo akaanza kutikisa fungu moja la nyaya baada ya jingine huku injini ikinguruma. Alipogusa waya wa masi uliofungwa kwenye manifoldi ya hewa, injini ikakata. Akaachia, akagusa tena, ikakata tena. Bolti ilikuwa imeliwa na kutu. Katika jiji lenye unyevu kama letu, hilo halishangazi. Brashi ya chuma, bolti mpya, kazi imekwisha. Hakuna kipuri kilichonunuliwa.

Kwa tatizo linalokuja na kuondoka, mwenye njia sahihi ni mzee. Alilifanya lijitokeze kabla ya kulitibu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na naisema hivyo kwa sababu watu wetu wengi huku hudhani fundi wa nyumbani anabahatisha na wa Ulaya anajua.

Lakini kuna mambo yanayoniumiza kule. Thamostati hutolewa na kutupwa ili injini isichemke; matokeo yake injini haifikii joto lake, kompyuta inadhani ni asubuhi bado, inamwaga petroli ya ziada, bujii zinajaa masizi, na gari linapata ugonjwa mwingine. Betri hufunguliwa kwanza, kabla ya mtu kusoma kodi, na kumbukumbu yote inafutika. Na pampu hupimwa kwa kubana mpira kwa vidole. Injini nyingi za aina hii zinataka karibu baa 3 mpira wa vakyumu ukichomolewa, na vidole haviwezi kutofautisha baa 3 na baa 2. Mzee yule anajua hivyo vizuri. Hana geji.

Basi wewe unayefunga mizigo kwenda nyumbani, usijaze sanduku bampa na redio. Weka geji ya shinikizo la petroli, multimita nzuri, na kitabu cha mchoro wa nyaya cha injini ile ile iliyoko kule, kilichochapwa kwenye karatasi, kwa Kifaransa kama kinapatikana. Usimwachie ndugu mwenye gari. Mpe fundi.