Mistari kati ya vidole

Likizo ile ya utume Mbalibali, kijana wa Kipaimara alichungulia taa ya pikipiki iliyokuwa mbali kupitia mwanya kati ya vidole vyake viwili. “Frateri, mbona kuna mistari myeusi?” Tukajibu kwa kujiamini: kivuli cha vidole. Tulikosea.

Mwanga ukipita mwanya mwembamba hutawanyika. Hiyo ni difraksheni, jina alilolitoa Padre Grimaldi, Mjesuiti wa Bologna, katika kitabu kilichochapwa 1665, mwenyewe akiwa marehemu. Mawimbi yaliyotawanyika yakikutana huingiliana: huongezana au hufutana. Mistari myeusi ni mwanga uliofutwa na mwanga! Na sisi shuleni tulizikariri kama mada mbili zisizojuana.

Jumapili tulimwomba radhi kijana. Alikuwa ameshagundua kwamba akibana vidole zaidi, mistari huachana.