Mbuzi wa Babu na Moto wa Nyika

Kwetu ni mkoa wa Mara, si mbali na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mgeni akifika nyumbani mwezi wa Juni, mvua zikiwa zimekwisha, hustaajabu kuona ng'ombe na mbuzi wa babu wakichungwa karibu kabisa na nyumba, hali ng'ambo ya kijito kuna majani marefu yasiyoguswa. Babu hufanya hivyo kila mwaka. Kwanza wanyama hula pande zote za mji wetu, kisha kandokando ya mashamba, ndipo hupelekwa mbali.

Sababu yake ni moto. Majani yakisha kukauka, moto mdogo wa mrina asali, au wa mtu anayesafisha shamba, waweza kutembea siku mbili. Majani yakiwa marefu na yameshikana, miali hupanda kupita kimo cha mtu, wala hakuna awezaye kuikaribia. Lakini moto hauwezi kupita pasipo chakula. Pale palipoliwa na ng'ombe hushuka chini, na watu wenye matawi mabichi wakaupiga ukafa. Mbuzi nao wana kazi yao, maana hula vichaka na matawi ya chini, ambayo ndiyo huupandisha moto mpaka juu ya miti.

Nilipokuwa darasa la sita nilishuhudia jambo hilo kwa macho yangu. Moto ulitoka kilimani alasiri, upepo ukiusukuma. Ulipofika penye majani yaliyoliwa haukuzidi magoti. Mama, shangazi na sisi watoto tuliupiga ukazimika kabla ya magharibi. Jirani yetu, ambaye miaka yote alikuwa akiwafukuza mbuzi wetu kwa mawe, alipoteza ghala zima la mtama. Tulimgawia chakula mpaka mavuno.

Hapa shuleni nimesoma kwamba jambo kama hilo lilitokea kwa ukubwa zaidi katika Serengeti yenyewe. Ugonjwa wa sotoka, ulioingia Afrika Mashariki karibu mwaka 1890, uliua ng'ombe wengi mno, na nyumbu pia. Ng'ombe walipochanjwa, sotoka ikatoweka kwa nyumbu katika miaka ya 1960. Mwaka 1961 nyumbu walihesabiwa kama 260,000. Kufikia mwaka 1977 walizidi 1,300,000. Vinywa vingi namna hiyo vilipokula majani, moto ulipungua sana, na miti michanga ikapata nafasi ya kukua. Nadhani Bwana Mifugo aliyekuwa akichanja ng'ombe hakujua kwamba alikuwa akizima moto!

Sisemi kwamba ng'ombe wengi ndiyo dawa. Wakizidi, ardhi hubaki vumbi tupu, na mvua ya kwanza huichukua. Wala moto si adui siku zote, kwani wafugaji wenyewe huchoma majani makavu ili machanga yachipue na kupe wapungue. Kazi ni kujua wapi na lini, na hayo babu hakuyasoma kitabuni.

Tangu mwaka ule, jirani yetu humtuma mwanawe kuja kuomba mbuzi wakale kuzunguka nyumba yake. Babu huwapeleka bila malipo, ila kwa sharti kwamba mtama uwe umekwisha kuvunwa, maana mbuzi hawachagui.